Ukidaiwa ushuru mwaloni, ulizia sheria mama

Mwaka juzi, asubuhi moja ya siku za giza (mwezi usipoonekana usiku, ndipo dagaa huvuliwa), nilikuwa nimeanika dagaa kwenye chanja za mwalo mmoja, yaani ufukwe wanakoshushia samaki, huku Mwanza (sitautaja, bado nachukulia mzigo pale). Akaja kijana na kitabu cha risiti: kila chanja shilingi 500 kwa siku. Nikamuuliza: mwanangu, hela ya nini hiyo? Akajibu: "Mayu (mama, kwa Kisukuma), ni agizo kutoka juu."

Tangu siku ile kina mama wa mialo mingine hawaishi kunipigia simu. Wamedaiwa hiki, wamedaiwa kile, wafanyeje? Naandika hapa nisirudie maneno yale yale.

Kwanza lipa, kuuliza baadaye. Najua wengi hampendi kusikia hilo. Lakini mimi zamani niligomea ushuru ambao kumbe ulikuwa halali kabisa. Gunia likashikiliwa siku mbili, mvua ikalikuta nje, nikaja kuliuza bei ya chakula cha kuku. Lipa, dai risiti, soma palipoandikwa aina ya malipo. Ile yangu ya chanja ilijazwa kwa kalamu, na penye maelezo palikuwa na neno moja tu: "mengineyo". Hapo nikaanza kushtuka.

Kisha nenda kwa mtendaji wa kata. Yule kijana usimlaumu, katumwa. Sema kwa adabu: "Naomba kuiona sheria ndogo inayotaja malipo haya, na namba ya Tangazo la Serikali." Agizo, hata liwe la kigogo gani, halizai ushuru. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 138, inasema kodi haitozwi ila kwa sheria iliyotungwa na Bunge, au kwa utaratibu uliotiwa nguvu na sheria ya Bunge. Ushuru wa halmashauri unapitia mlango huo wa pili: Bunge limetunga sheria ya fedha za serikali za mitaa, nayo ikawaruhusu madiwani kutunga sheria ndogo. Ile ya Bunge ndiyo wanasheria wanaiita sheria mama.

Na mtoto wake, yaani sheria ndogo, hazaliwi kwa siri. Wananchi hutangaziwa ili watoe maoni au pingamizi, baraza la madiwani hupitisha, waziri wa serikali za mitaa huridhia, kisha hutoka kwenye Gazeti la Serikali. Kijijini mambo yako karibu zaidi: halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu wa kijiji unajadili, halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Tangazo la maoni hubandikwa ubaoni, pembeni ya ratiba ya chanjo. Miaka yote nilikuwa nausogelea ubao ule kutafuta kivuli tu.

Kwa mtendaji nilikwenda mara tatu. Ya kwanza yuko kikaoni. Ya pili mwenye ufunguo wa kabati kaenda msibani. Ya tatu nikapewa kurasa kumi na moja zilizofifia wino. Tulizisoma na binti yangu tumekalia magunia, kidole kwenye jedwali la ada: gunia la dagaa lipo, kizimba cha soko kipo, maegesho ya gari yapo. Chanja haipo. Tukaandika barua wanawake kumi na wanne, nakala kwa diwani na kwa mkurugenzi. Wiki ya pili kijana hakuonekana tena. Hela zetu za mwanzo hatujaziona mpaka leo.

Ungeikuta chanja imo kwenye jedwali, basi ungeendelea kulipa huku ukimbana diwani wako ibadilishwe. Mtoza ushuru hana uwezo wa kuifuta, kama asivyo na uwezo wa kuitunga. Ibara ya 4 ya Katiba imegawa kazi hizo makusudi: wa kutunga wako, wa kutekeleza wako, wa kutoa haki wako. Mtu mmoja akitunga, akatoza na akakunyang'anya gunia palepale mwaloni, ibara hiyo imetupwa ziwani.

Angalia pia katazo limetoka wapi. Nyavu za kokoro na timba zimepigwa marufuku na kanuni za waziri chini ya Sheria ya Uvuvi ya 2003, kwa hiyo diwani utamchosha bure. Sheria mama kama hiyo ya Uvuvi hupita bungeni Dodoma. Muswada huchapishwa kwenye Gazeti la Serikali, husomwa mara ya kwanza bila mjadala, ukaenda kamati ya Bunge. Kwenye kamati ndiko pa kupeleka neno lako, wadau hualikwa na maoni ya maandishi hupokelewa. Ukisubiri kusomwa mara ya pili umebaki mtazamaji wa luninga. Baada ya kusomwa mara ya tatu, Rais akitia saini ndipo unakuwa sheria.

Na sheria ikikinzana na Katiba? Ni batili, ibara ya 64. Haki zako zikiguswa unafungua shauri Mahakama Kuu, ambayo ipo hapa hapa Mwanza, ingawa mahakama yaweza kuamua kuipa serikali muda irekebishe kasoro badala ya kuifuta sheria papo hapo. Huko usiende bila wakili.

Kwa mtendaji lakini huhitaji wakili. Wahi asubuhi kabla vikao havijaanza, beba daftari, na uwe na chenji ya kutoa kopi. Kwetu mashine iko dukani ng'ambo ya barabara, na umeme ukikatika mtendaji hakuachii karatasi zake uondoke nazo.