Kambamiti Wakiota Manyoya: Anza na Maji, Dawa Baadaye

Mfugaji akiona kambamiti wake wameota manyoya kama pamba, swali lake la kwanza ni dawa. Nami nilikuwa hivyohivyo. Jioni moja nilimwaga formalini bwawani. Alfajiri nikawakuta wamejazana ukingoni, wanahema juujuu ya maji. Formalini hupunguza oksijeni, na bwawa langu lilikuwa na upungufu tangu mwanzo. Siku hizi nafanya hivi.

1. Mtazame ndani ya maji. Rusha kimia, chukua kambamiti kumi. Mtie mmoja mmoja kwenye bilauri ya maji, uinyanyue kwenye mwanga. Ukimshika mkononi akiwa mkavu manyoya hulala, huoni kitu. Majini husimama na kuyumba. Mara nyingi hiyo ni zoothamniamu, kiumbe cha seli moja kinachojishikiza kwenye gamba na matamvua. Hakimnyonyi kambamiti. Kinakula bakteria wa majini, kwa hiyo kikizidi, uchafu umezidi. Kinachoua ni matamvua kuzibwa, hasa usiku.

2. Pima kabla jua halijachomoza, oksijeni inapokuwa chini kabisa. Ikishuka chini ya miligramu 4 kwa lita, washa mashine ya hewa na usilishe asubuhi hiyo. Pima pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, asubuhi na alasiri: iwe kati ya 7.5 na 8.5, na tofauti isipite 0.5. Amonia ipime alasiri, kwa sababu pH ikipanda, amonia ileile huwa sumu kali zaidi. Kisha zamisha sahani nyeupe kwa kamba. Ipotee machoni kwenye sentimita 30 hadi 40. Ikipotea mapema, mwani umezidi.

3. Punguza chakula nusu, siku tatu. Kagua trei ya chakula baada ya saa mbili. Kilichobaki ndicho kinachooza chini.

4. Badili maji wakati wa bamvua. Toa ya chini, penye tope jeusi, si ya juu. Sehemu moja ya kumi kwa siku inatosha, na mlangoni weka wavu wa matundu madogo. Maji mapya huwachochea kujivua gamba, na manyoya huondoka na gamba hilo. Usiku huo usizime mashine ya hewa: anayejivua anahitaji oksijeni zaidi, na akiwa laini wenzake humla.

Wakati wa maji mafu utalazimika kutumia pampu.

5. Ukiona nyuzi za choo cheupe zinaelea na kambamiti hawakui, hilo ni jambo jingine. Peleka sampuli maabara wapime EHP, kimelea kilichoelezwa kwa mara ya kwanza Thailand mwaka 2009. Hakina dawa. Baada ya kuvuna, kausha bwawa, lima udongo sentimita 10 hadi 12, changanya chokaa isiyozimwa tani 6 kwa hekta, kisha ulowanishe hadi pH ifike 12. Vaa glavu na miwani. Chokaa hiyo ikiingia jichoni inaunguza.