Kusimamia karantini ya barua pepe kwenye Microsoft 365: hatua ninazofuata kila asubuhi

Mhasibu wa kampuni ya uwakala wa forodha ninayoihudumia Dar es Salaam alinipigia simu akiitafuta hati ya shehena, ile BL, kutoka kwa msafirishaji wa Guangzhou. Msafirishaji alisema ameituma wiki tatu nyuma. Kwenye karantini, yaani mahali mfumo unapozishikilia barua unazozitilia shaka, sikuiona. Nilipofuatilia safari ya ujumbe ndipo nikaelewa: ulifika, ukazuiwa, ukakaa siku 15, ukafutwa wenyewe. Kontena lilikuwa limeshashushwa bandarini na tozo za kulihifadhi zinahesabiwa kwa siku. Kosa lilikuwa langu. Niliwasha kichujio cha barua taka, nikakiacha bila mtu wa kukiangalia.

Watu wa Unguja wanalijua neno karantini kupitia kisiwa cha Changuu, ambako abiria wa melini walizuiwa kwanza kwa hofu ya homa ya manjano. Aliyewekwa Changuu hakuwa amehukumiwa kuwa mgonjwa. Alikuwa anasubiri daktari. Ujumbe ulio kwenye karantini nao unasubiri, na daktari wake ni wewe msimamizi. Usipokwenda kuuona, mfumo utaufuta, uwe mzima au mbovu.

Hatua hizi ni za Microsoft 365, kwa sababu ndiyo ninayoishika kila siku. Majina ya vitufe nayaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini ili usipotee.

Hatua ya 1: Ingia kwa mlango wako mwenyewe

Andika anwani hii kwa mkono: security.microsoft.com/quarantine. Kisha iwekee alamisho kwenye kivinjari na uitumie hiyo daima. Usiingie karantini kwa kubofya kiungo kilichokuja kwa barua pepe. Sababu utaiona mbele. Akaunti yako iwe na ruhusa ya Quarantine Administrator au Security Administrator. Kazi hii haihitaji akaunti yenye mamlaka yote ya Global Administrator, na ukiitumia hiyo kila asubuhi unaihatarisha bure.

Hatua ya 2: Jua una siku ngapi

Kwenye sera ya awali ya kuzuia taka, ujumbe hukaa karantini siku 15. Ukitengeneza sera mpya kupitia tovuti hiyo hiyo, muda huanzia siku 30, na 30 ndiyo kikomo. Ukishafutwa haurudi, hata ukiwaandikia Microsoft.

Fungua Policies & rules, kisha Threat policies, kisha Anti-spam, uchague Anti-spam inbound policy (Default). Tafuta mstari wa siku za kuhifadhi na uweke 30. Ni kazi ya dakika mbili, na mimi niliifanya baada ya hasara.

Ukiwa hapo hapo, angalia taka za kawaida zinapelekwa wapi. Sera ya awali huzitupa kwenye folda ya Junk Email ya mpokeaji, haziendi karantini. Kwetu tulishabadilisha ziende karantini. Kama ninyi hamjabadilisha, mtu akilalamika ujumbe haujafika, mwambie aanze kutazama Junk Email kabla hujahangaika.

Hatua ya 3: Panga orodha kwa sababu, halafu kwa tarehe ya kufutwa

Orodha ikifunguka, usianze juu kwenda chini. Bofya Filter, uchague kwa Quarantine reason. Kila sababu ina uzito wake.

Bulk ni matangazo na majarida yanayotumwa kwa wingi. Mfumo huyapa alama kuanzia 0 hadi 9, na sera ya awali huyahesabu kuwa taka yakifika 7. Humu ndimo yanamojificha matangazo ya zabuni na taarifa za ratiba za meli, kwa hiyo napita haraka lakini napita.

Spam ndiyo kapu lenye makosa mengi ya mfumo. Hapa natumia nusu ya muda wangu.

Phishing ni hadaa inayoshukiwa, yaani barua ya kumlaghai mtu atoe nenosiri au pesa; High confidence phishing ni hadaa ambayo mfumo una uhakika nayo. Ya pili hii mtumiaji wa kawaida hawezi kuiachia mwenyewe, akipewa nafasi sana ataomba tu msimamizi aiachie. Usilione hilo kama usumbufu. Malware, yaani faili lenye kirusi, nayo ni hivyo hivyo, ila kuna jambo moja la kujua: faili likizuiwa kwa ajili ya aina yake tu, nalo huhesabiwa kuwa malware, ingawa linaweza kuonekana chini ya sababu nyingine, File type block. Faili la Word lenye makro (amri ndogo zinazojiendesha), lile linaloishia na docm, huzuiwa hata kama halina kirusi. Ukimkuta mteja wa kweli amekamatwa hivyo, usiliachie. Mwombe atume PDF.

Transport rule maana yake ni kanuni mliyoiweka wenyewe ndiyo iliyouzuia. Ukiona ujumbe halali unakamatwa hapo kila wiki, rekebisha kanuni hiyo.

Baada ya kuchuja, panga kwa safu ya Expires. Zinazokaribia kufutwa ziamuliwe kwanza.

Hatua ya 4: Soma heda kabla ya kusoma barua

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wasimamizi wengi wanafanya haraka. Wanafungua Preview message, wanaona nembo ya mteja, wanaona lugha nzuri, wanaachia. Nembo inanakiliwa kwa sekunde. Lugha nzuri siku hizi kila tapeli anayo.

Heda ni mistari iliyofichwa inayoeleza ujumbe umetoka wapi na umepita wapi. Bofya ujumbe, chagua View message headers, unakili zote. Mistari ni mingi, ila mimi natafuta miwili.

Wa kwanza ni Authentication-Results. Ndani yake kuna majibu matatu. SPF inauliza: je, seva iliyotuma imeruhusiwa na mwenye kikoa (ile sehemu ya anwani inayofuata alama ya @)? DKIM inauliza: je, ujumbe una saini ya kikoa, na haujaguswa njiani? DMARC inauliza: je, kikoa kilichothibitishwa na mojawapo ya hayo mawili ndicho kile anachokiona msomaji kwenye jina la mtumaji? Swali la tatu ndilo zito kuliko yote. Tapeli anaweza kupata spf=pass kwa kikoa chake mwenyewe huku jina linaloonekana kwa mhasibu ni la msafirishaji wenu. Basi linganisha smtp.mailfrom na header.from. Zikitofautiana na dmarc=fail, mikono mbali na kitufe cha Release.

Wa pili ni X-Forefront-Antispam-Report. Tafuta SCL, alama ya kiwango cha taka: 5 au 6 ni taka, 9 ni taka ya uhakika. Tafuta CAT, aina ya ujumbe: SPM ni taka, PHSH ni hadaa, SPOOF ni mtumaji wa kughushi. Herufi hizo zinakwambia mfumo uliwaza nini, na mara nyingi zinakwambia uukosoe wapi.

Muda kwenye heda za seva za Microsoft huandikwa kwa +0000. Ongeza saa 3 upate saa za Afrika Mashariki. Ujumbe wenye 07:10 ulifika saa nne na dakika kumi asubuhi, na ukimhoji mtumaji "uliutuma saa ngapi?" hesabu hiyo inakusaidia kujua kama mnazungumzia ujumbe mmoja.

Sasa, dmarc=fail peke yake haimfanyi mtu kuwa tapeli. Nimekutana na wasambazaji waaminifu waliohamia mfumo mpya wa kutuma ankara bila kuiongeza seva yake kwenye rekodi yao ya SPF. Wengine rekodi yao imejaa: SPF inaruhusu kutafuta kwenye DNS, kile kitabu cha anwani cha intaneti, mara 10 tu, ukizidisha inavunjika. Na barua iliyosambazwa kupitia sanduku jingine mara nyingi hupoteza SPF njiani. Ndiyo maana hatua inayofuata haina kompyuta.

Hatua ya 5: Ujumbe ukigusa pesa, piga simu

Ankara, mabadiliko ya namba ya akaunti ya benki, hati za kutolea mzigo: hizi siachii kwa heda pekee, hata zikiwa safi zote tatu. Heda safi inathibitisha kwamba barua imetoka kwenye sanduku la mteja. Haithibitishi kwamba mteja ndiye aliyelishika sanduku hilo siku hiyo. Matapeli hupenda kuvamia sanduku halisi, wakasoma mazungumzo ya miezi, kisha wakaingia katikati na akaunti mpya ya benki.

Piga namba iliyo kwenye mkataba wa zamani, usipige iliyo chini ya barua hiyo. Na itazame anwani herufi kwa herufi: r na n zikikaa pamoja zinafanana na m, na macho yaliyochoka hayaoni tofauti.

Bosi atakuja amesimama mlangoni, anataka barua sasa hivi. Mwambie: "Mzee, nipe dakika tano nimpigie." Sijawahi kukutana na mzigo ulioharibika kwa dakika tano.

Hatua ya 6: Achia kwa kipimo

Ukiridhika, bofya Release. Mfumo utakuuliza uwaachie wapokeaji wote au baadhi. Barua ikitumwa kwa watu sita na anayeihitaji ni mmoja, mchague huyo mmoja. Weka alama kwenye kisanduku cha kuwasilisha ujumbe kwa Microsoft kama uliokamatwa kimakosa. Wengi hukiruka, nao wiki ijayo wanaachia barua ya mtu yule yule.

Ukiwa na ujumbe mwingi wa mtumaji mmoja, PowerShell, dirisha la kuandikia amri, inaokoa muda. Anza kwa kuorodhesha, ukague, ndipo uachie:

Connect-ExchangeOnline

Get-QuarantineMessage -SenderAddress hati@example.com | Format-Table ReceivedTime,RecipientAddress,Subject,Type,Expires

Get-QuarantineMessage -SenderAddress hati@example.com | Release-QuarantineMessage -ReleaseToAll

Usiirukie amri ya tatu. Safu ya Type itakuonyesha kama kati ya hizo kuna moja ya hadaa iliyojipenyeza kwa jina la mtumaji huyo huyo.

Hatua ya 7: Usimfungulie mtu geti moja kwa moja

Ombi ninalolipata kuliko yote ni hili: "Muweke kwenye orodha ya wanaoruhusiwa, tusisumbuke tena." Kwenye sera ya kuzuia taka ipo sehemu ya kuandika vikoa vinavyoruhusiwa. Mimi naiacha tupu. Ukiandika kikoa cha msafirishaji pale, yeyote anayeghushi kikoa hicho naye anapita bila kukaguliwa taka wala kughushi. Umempa funguo mtu usiyemjua. Na kamwe usiandike vikoa vya huduma za bure kama gmail.com, wala kikoa cha kampuni yenu wenyewe.

Njia ninayoitumia ni Tenant Allow/Block List. Ruhusa unayoiweka pale ina mwisho: kwa kawaida huondoka siku 45 baada ya kutumika mara ya mwisho. Kama tatizo ni mtumaji kuonekana ameghushiwa, tumia sehemu ya Spoofed senders, ambako unataja kikoa pamoja na seva inayotuma. Kikoa hicho kikitoka seva nyingine, kinakaguliwa kama kawaida.

Dawa yenyewe iko kwa mtumaji. Nakili mstari wa Authentication-Results, umtumie fundi wao, umwambie: "Seva hii haimo kwenye SPF yenu." Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanadai SPF, DKIM na DMARC kwa yeyote anayetuma barua kwa wingi kwenye masanduku yao (kwa Google, karibu 5,000 au zaidi kwa siku), kwa hiyo mafundi wengi wanaelewa haraka kuliko zamani.

Hatua ya 8: Wafundishe watumiaji taarifa ya kweli na ya uongo

Mfumo unaweza kuwatumia wafanyakazi taarifa ya ujumbe wao uliozuiwa: kila baada ya saa 4, kila siku au kila wiki. Nimechagua kila siku. Inanipunguzia simu, maana mtu anaiona barua yake kabla haijafutwa.

Lakini matapeli wanaijua taarifa hiyo na wanaiga. "Una ujumbe 5 karantini, bofya hapa uingie." Ukibofya unakuta ukurasa unaofanana na wa Microsoft, unaweka nenosiri, limekwenda. Kwa hiyo nimeweka kanuni moja ofisini: taarifa ikikufikia, isome, ifunge, halafu fungua karantini kwa alamisho tuliyokuwekea. Nimekaa na kila mfanyakazi, kuanzia dada wa mapokezi hadi mkurugenzi, tukaiweka pamoja kwenye kompyuta yake.

Ukiwa umeachia ujumbe mbaya

Nenda kwa mpokeaji mwenyewe au umpigie, usimwandikie, kwa sababu sanduku lake huenda halipo tena mikononi mwake. Muulize bila kumkaripia kama amebofya au ameandika nenosiri. Ukimkaripia, atakuficha.

Kama ameandika, badilisha nenosiri, na kwenye Entra, tovuti ya Microsoft ya kusimamia akaunti, bofya Revoke sessions ili vifaa vyote vitolewe nje. Kisha kagua kanuni za sanduku lake kwa Get-InboxRule -Mailbox ikifuatiwa na anwani yake. Wavamizi huweka kanuni ya kuhamisha barua zenye neno "invoice" au "payment" kwenye folda asiyoifungua mtu, ili mwenye sanduku asione majibu. Angalia pia kama barua zake zinasambazwa nje.

Hifadhi nakala kwa Download message kabla ya kufuta chochote. Kama malipo yameshatoka, simu ya kwanza iende benki kuomba yazuiwe, ya pili polisi, na ile nakala yenye heda zake zote ndiyo utakayokwenda nayo.