Mkataba wa Dizaina: Uandike Kabla Hujawasha Kompyuta

Mwaka wangu wa pili kazini hapa Nairobi nilichora nembo ya mkahawa mmoja kwa makubaliano ya WhatsApp. Sharti lilikuwa moja tu: "Tutaelewana." Nilipotuma toleo la 11 mteja akanyamaza kimya, na miezi michache baadaye nikaiona nembo yangu juu ya mlango wake. Siku hizi sianzi bila karatasi. Kurasa mbili zatosha.

Hatua ya 1: Hesabu kazi. "Kupamba biashara" ni kazi isiyo na mwisho. Andika: nembo 1, kadi pande 2, bango 1 la futi 3 kwa 6. Taja na kisichokuwemo. Gharama ya kuchapisha kule River Road ni ya mteja, na wengi hudhani imo kwenye bei yako.

Hatua ya 2: Funga marekebisho. Mimi hutoa raundi 2. Ya tatu inalipiwa. Raundi ni orodha moja ya mabadiliko kutoka kwa mtu mmoja aliyetajwa kwa jina. Usipoandika hivyo, mume atataka kijani, mke dhahabu, na binamu aliyesomea kompyuta hatakosa lake.

Hatua ya 3: Pesa. Nusu kabla ya kuanza, nusu kabla ya kutoa faili za mwisho. Usikubali "nikisharidhika", kuridhika hakuna tarehe. Mteja akiwa kampuni, muulize mapema kama atakata ile asilimia 5 ya kodi ya zuio, anayoipeleka moja kwa moja KRA (mamlaka ya kodi ya Kenya), usije ukashangaa pesa zikiingia pungufu.

Hatua ya 4: Hakimiliki. Hapa usiharakishe. Wabunifu wengi huamini kazi ni yao mpaka walipwe. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 kinasema vingine: kazi ikiagizwa, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, ila kama mmekubaliana vinginevyo. Yaani ukinyamaza, umeshatoa. Mimi huandika hivi:

"Hakimiliki inabaki kwa mbunifu, na itahamia kwa mteja siku atakapokamilisha malipo yote. Rasimu zilizokataliwa ni mali ya mbunifu."

Ongeza ruhusa ya kuwaonyesha wateja wengine kazi hiyo.

Hatua ya 5: Sahihi. Majina kamili, nambari za vitambulisho, tarehe, sahihi kila ukurasa. Mkikosana kwa deni lisilozidi shilingi milioni 1, Mahakama ya Madai Madogo ipo, inatakiwa kuamua ndani ya siku 60, na waweza kujitetea bila wakili. Karatasi hiyo ndiyo utakayoibeba.

Kuna atakayekuuliza, "Kwani huniamini?" Mimi humfunulia kipengele cha tarehe: nikichelewa kwa wiki, bei inashuka asilimia 10. Akishakisoma, mara nyingi huomba kalamu mwenyewe.