Gari la zamani likianza kula mafuta ghafla: mambo ya kuzingatia kabla hujampelekea fundi

Gari lililozoea kwenda kilomita 12 kwa lita, likashuka hadi 9 ndani ya wiki mbili, halijazeeka katika wiki hizo mbili. Uzee wa injini hupandisha ulaji wa mafuta polepole, kiasi kwamba mwenye gari hata hagundui. Ulaji unaopanda ghafla una sababu moja au mbili ambazo zinaweza kuonekana kwa macho au kuguswa kwa mkono, na mara nyingi dawa yake si ya bei kubwa. Kinachomaliza pesa ni kubahatisha. Unafika gereji na kusema "fundi, gari linakula mafuta", unashauriwa plagi mpya. Plagi zisiposaidia zinasafishwa nozeli za kupulizia petroli, na nozeli zisiposaidia inatafutwa sensa ya mtumba. Mwisho umelipia vitu vitatu vilivyokuwa vizima, na gari bado linakunywa.

Ninayoyaandika hapa yanahusu zaidi magari ya petroli ya Kijapani ya kuanzia miaka ya 1990 hadi 2008 hivi, Corolla, Spacio, Premio, Vitz, Probox na wenzao, kwa sababu ndiyo yaliyojaa barabarani kwetu.

La kwanza ni kuhakikisha kwamba tatizo lipo kweli. Wengi wetu tunanunua mafuta kwa pesa, si kwa lita: "weka ya elfu thelathini". Tukizoea kwamba elfu thelathini inatufikisha Ijumaa, ikiishia Alhamisi tunalaumu gari. Lakini bei hubadilika: Tanzania mamlaka ya nishati, EWURA, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Kenya mwenzake EPRA hutangaza katikati ya mwezi. Lita ikiwa shilingi 2,500, elfu thelathini ni lita 12. Lita ikifika 3,000, pesa ileile ni lita 10. Hizo lita mbili hazikuliwa na injini.

Kwa hiyo pima. Jaza tenki mpaka pampu ijikate yenyewe, rudisha tripu ya kilomita kwenye sifuri, endesha kama siku zote hadi tenki lifike nusu au chini yake, kisha rudi sheli ileile, ikiwezekana pampu ileile, na ujaze tena hadi ijikate. Gawanya kilomita kwa lita zilizoingia. Kilomita 297 kwa lita 33 ni kilomita 9 kwa lita, na sasa una namba ya kubishana nayo. Geji ya dashibodi usiitegemee kwa hesabu hii, maana floti ya tenki la gari la miaka 20 huweza kukwama na kuonyesha inachotaka. Rudia kipimo kwenye sheli nyingine pia. Ukikuta sheli moja inakupa kilomita chache kuliko nyingine kila mara, tatizo huenda liko kwenye pampu, na hilo ni la kupeleka Wakala wa Vipimo, si gereji.

Angalia pia kama ulibadilisha saizi ya tairi. Watu wengi hupandisha gari kwa kuweka tairi kubwa ili lisigonge chini. Tairi ya 175/65R14 ina kipenyo cha sentimita 58 hivi, na ya 185/70R14 inakaribia 61.5. Ukihama kutoka ya kwanza kwenda ya pili, kila ukitembea kilomita 105 kaunta inakuandikia 100 tu, na hesabu yako inaonyesha hasara ya asilimia tano ambayo haikutokea. Iondoe kwenye hesabu kabla hujaendelea.

Ukishajua kwamba ulaji umepanda kweli, jiulize ni nini kilibadilika karibu na siku ile. Njia mpya yenye foleni, mvua zilizokufanya ukae na AC muda wote, mzigo uliosahaulika kwenye buti, au mtu mwingine anayeendesha. Haya yanajibika haraka. Swali zito zaidi ni hili: gari liliingia gereji lini mara ya mwisho, na lilifanyiwa nini? Naliweka mbele kwa sababu ulaji mwingi wa ghafla huanza siku chache baada ya matengenezo ya kitu kingine kabisa.

Kama gari ni la otomatiki, tazama dashibodi ukiwa barabarani. Je, kuna taa imeandikwa O/D OFF? Kwenye Toyota nyingi za zamani kuna kitufe kidogo ubavuni mwa leva ya gia, na mkono au goti hukibonyeza bila dereva kujua. Taa hiyo ikiwaka gari haliingii gia ya nne. Injini inalia kwa mizunguko mingi kwenye barabara kuu, na mafuta yanakwenda. Bonyeza, taa izime, tatizo limekwisha bila kutoa hata senti. Inasikitisha kwamba watu huuziwa nozeli kwa sababu ya kitufe hiki.

Kisha tumia pua. Asubuhi kabla ya kuwasha, inama chini ya tenki, fungua boneti, nusa. Harufu ya petroli mbichi maana yake kuna mpira uliopasuka, klipu iliyolegea au oringi ya nozeli iliyokakamaa. Hapo usiendelee na ukaguzi mwingine wala usiwashe gari. Muite fundi aje lilipo.

Magurudumu nayo yana lake. Upepo pungufu unachangia, lakini kidogo kuliko tunavyodhani: makadirio ya Marekani ni kama asilimia 0.2 kwa kila PSI moja inayopungua kwenye tairi zote. Pungufu ya PSI 10 ni asilimia mbili tu, haiwezi kukushusha kutoka 12 hadi 9. Jaza kwa kufuata kibandiko cha mlango wa dereva (220 kPa ni kama PSI 32) na uendelee kutafuta. Breki inayoshika ndiyo mwizi wa kweli. Endesha dakika kumi na tano kwenye barabara isiyokulazimisha kufunga breki sana, simama taratibu, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Gurudumu moja likiwa na joto kali kuliko mwenzake wa upande wa pili, pini za kalipa (kishikio cha pedi za breki) zimekauka au kebo ya hendibreki hairudi. Hata kwenye mteremko mdogo, gari likiwa N na breki imeachiwa, linatakiwa lianze kujivuta lenyewe.

Sasa nije kwenye themostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, ambayo naona ndiyo inayostahili muda wako kuliko vyote. Hapa kwetu kuna desturi ya gereji ya kuitoa na kuitupa. Gari likichemsha mara moja, fundi anaing'oa, anafunga gasketi, na pengine anaunga feni moja kwa moja izunguke muda wote. Mteja anaambiwa nchi yetu ni ya joto, kifaa hicho ni cha Wazungu na Wajapani wenye baridi. Si kweli. Themostati ya injini nyingi za petroli za Toyota huanza kufunguka kwenye nyuzi kama 82, na joto la nje la nyuzi 32 liko mbali sana na hapo. Kazi yake ni kuizuia injini isifanye kazi ikiwa baridi, popote ilipo.

Ikitolewa, au ikikwama wazi, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu injini inapowashwa. Kompyuta ya injini inasoma joto la chini na kuamini kwamba bado ni asubuhi, kwa hiyo inaendelea kuongeza petroli kama inavyofanya kwa injini iliyotoka kulala. Kwenye otomatiki hasara ni mara mbili, kwa sababu gia boksi nyingi za Toyota haziruhusu gia ya juu wala kufunga lokapu (kufuli ya ndani inayounganisha injini na gia bila kuteleza) mpaka maji yapate moto. Oili nayo huchafuka mapema kwa petroli isiyoungua.

Kuipima ni rahisi. Asubuhi injini ikiwa baridi, washa, kisha shika hosi ya chini ya rejeta, ukiweka vidole mbali na feni. Inatakiwa ibaki baridi dakika kadhaa huku injini ikipata moto, halafu ndipo ipashe. Ikianza kuwa vuguvugu kidogo kidogo tangu mwanzo, themostati haipo au haifungi. Dalili nyingine ni geji ya joto inayoshuka ukiwa barabara kuu, au taa ya bluu ya ubaridi, kwa magari yasiyo na geji, inayochelewa kuzima. Mfuniko wa rejeta usiufungue injini ikiwa ya moto, hata kwa kitambaa.

Geji ikiwa sawa, bado usiifunge kesi. Injini kama 5A-FE ya Corolla za zamani zina sensa mbili za joto la maji, moja ya geji na nyingine ya kompyuta. Ya kompyuta ikifa, geji itakuonyesha kila kitu ni kizuri huku sailensa inatoa moshi mweusi.

Taa ya "check engine" nayo iangalie kwa namna hii: washa swichi bila kuwasha injini. Lazima iwake. Isipowaka, balbu imeungua au kuna mtu aliizima ili kuficha kitu. Ikiwaka na kubaki, pimisha kwa mashine na uandike namba ya kosa yenyewe. P0135 ni hita ya sensa ya oksijeni, ile inayopima oksijeni kwenye moshi. P0172 ni petroli nyingi kupita kiasi. Kama masega ya sailensa (katalisti) yalikatwa karibuni, waambie waangalie paipu ya moshi inapounganika: hewa ikiingia mbele ya sensa ya oksijeni, kompyuta inadhani petroli haitoshi na kuongeza.

Chujio cha hewa kibadilishe kikichafuka, ila usitarajie makubwa. Utafiti wa maabara ya Oak Ridge ya Marekani wa 2009 ulionyesha kwamba kwenye injini za kisasa za nozeli, chujio lililoziba hupunguza nguvu kuliko linavyoongeza ulaji. Plagi zinafaa zaidi kama ushahidi: mwambie fundi azitoe mbele yako. Zote nne zikiwa na masizi meusi makavu, petroli ni nyingi kwenye injini nzima. Moja tu ikiwa nyeusi, tazama koili (inayoipa plagi umeme) au nozeli ya silinda hiyo.

Ukifika gereji, usiseme "linakula mafuta". Sema lilikuwa 12, sasa ni 9, lilianza baada ya kazi ya rejeta, rimu hazishiki joto, hosi ya chini inapasha mapema. Mkubaliane kitu kimoja kibadilishwe kwa wakati mmoja, na kifaa kilichotolewa uondoke nacho. Kama betri ilichomolewa, kompyuta imepoteza marekebisho iliyojifunza, hivyo tenki la kwanza lisikupe furaha wala hofu. Hesabu ya tenki la pili ndiyo ya kumrudishia fundi.