Jinsi ya Kutazama Nyumbani Filamu za Kutisha za Kale za Italia

Mtu anayetaka kutazama filamu za kutisha zilizotengenezwa Italia kati ya miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 afahamu kwanza kwamba jina lililo kwenye jalada la diski halitoshi kumwambia atakachokiona. Filamu hizi ziliuzwa nchi baada ya nchi, na wasambazaji walizibadilisha majina, wakazipunguza, wakazipanga upya na hata kuzitia muziki mwingine. Reazione a catena ya Mario Bava, ya mwaka 1971, ilijulikana kwa Kiingereza kama A Bay of Blood, Carnage na Twitch of the Death Nerve. Zombi 2 ya Lucio Fulci, ya mwaka 1979, haina sehemu ya kwanza aliyoitengeneza yeye. Ilipewa namba hiyo kwa sababu Dawn of the Dead ya Mmarekani George Romero ilikuwa imeonyeshwa Italia mwaka uliotangulia kwa jina la Zombi. Kwa hiyo, kabla ya kununua, tafuta jina la Kiitaliano, mwongozaji na mwaka, ndipo ulinganishe na kilichoandikwa nyuma ya jalada.

Baada ya jina, angalia dakika. Profondo rosso ya Dario Argento, ya mwaka 1975, ina takriban dakika 127 katika toleo la Italia, lakini toleo lililopelekwa nje lina takriban dakika 105. Damu haikuwa ndiyo sehemu kubwa ya kilichoondolewa, bali mizaha na mivutano kati ya mpiga piano na mwandishi wa habari wa kike, yaani mambo yanayowafanya wawili hao wawe watu na si vibaraka wa hadithi. Ukiona diski inabadili lugha ghafla katikati ya mazungumzo, usidhani ina hitilafu: sehemu hizo hazina sauti ya Kiingereza, na waliorejesha toleo refu wameweka Kiitaliano chenye maandishi ya tafsiri. Hata hivyo, si kila upungufu wa dakika ni mkasi wa wakaguzi. Katika nchi zilizotumia PAL, mfumo wa televisheni wa picha 25 kwa sekunde, filamu ya picha 24 kwa sekunde iliharakishwa hadi picha 25, hivyo filamu ya dakika 100 huisha kwa dakika 96 bila kupoteza tukio lolote.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni I tre volti della paura ya Bava, ya mwaka 1963, yenye visa vitatu. Wasambazaji wa Marekani waliiita Black Sabbath, wakapanga visa upya, wakaweka muziki wa Les Baxter mahali pa ule wa Roberto Nicolosi, na kisa cha simu, ambacho kwa Kiitaliano kinahusu mwanamke anayeteswa na wivu na kisasi, wakakigeuza kuwa kisa cha mzimu. Kwa maoni yangu toleo la Italia ndilo lenye nguvu, lakini sauti halisi ya mwigizaji Boris Karloff husikika katika lile la Kiingereza pekee. Ukipata diski yenye matoleo yote mawili, tazama la Kiitaliano kwanza.

Jambo hilo la Karloff linatufikisha kwenye swali la lugha. Waitaliano wa zama hizo walizoea kuingiza sauti studio baada ya kupiga picha, na waigizaji wa mataifa mbalimbali wangeweza kusema kila mmoja kwa lugha yake mbele ya kamera. Kwa hiyo usitafute sauti ya asili kwa maana ya kawaida. Midomo haitalingana kikamilifu na maneno katika lugha yoyote utakayochagua. (Aliyekulia kwenye vibanda vya video, ambako msimulizi huzungumza Kiswahili juu ya filamu nzima, hatapata shida kubwa.) Chagua lugha kwa kuangalia mhusika mkuu: David Hemmings katika Profondo rosso anasikika kwa sauti yake mwenyewe kwa Kiingereza. Ukichagua Kiitaliano, hakikisha maandishi yametafsiriwa kutoka Kiitaliano, kwa kuwa baadhi ya diski hunakili tu maneno ya Kiingereza, na mara nyingine hayo yanasema jambo tofauti kabisa.

Kuhusu vifaa, diski nyingi hufungiwa eneo fulani la dunia na hazichezi kwenye deki ya eneo jingine. Afrika Mashariki iko eneo B la Blu-ray pamoja na Ulaya, ilhali diski nyingi za Marekani zimefungiwa eneo A. Kwa DVD sisi tuko eneo la 5, Ulaya Magharibi la 2 na Marekani la 1, hivyo deki isiyobagua maeneo ni ya lazima. Diski za 4K hazina kizuizi hicho.

Kwenye televisheni, zima kilainisha mwendo (kazi ya televisheni inayoongeza picha za kubuni kati ya picha halisi) na upunguze ukali wa picha. Profondo rosso na Zombi 2 zilipigwa kwa Techniscope, mfumo uliotumia nusu ya utepe kwa kila picha ili kuokoa gharama, kwa hiyo chembechembe kubwa zinazoonekana ni za filamu yenyewe. Diski iliyozifuta huacha nyuso kama za nta. Epuka pia kanda za VHS zilizokata kingo za picha pana, maana Argento huficha mambo pembeni.

Anza na Bava, kisha Argento, halafu Fulci. Cannibal Holocaust ya Ruggero Deodato, ya mwaka 1980, iache hadi ujue unachokifanya: ina ubakaji, na wanyama wanaouawa ndani yake waliuawa kweli. Baadhi ya diski zina toleo lisilo na mauaji hayo ya wanyama, nalo huchaguliwa kwenye menyu kabla filamu haijaanza.