Ncha ya Ripa Ifungwe kwa Bolti: Ushauri kwa Mkulima Anayejifunza Uhunzi

Mvua zikishanukia, fundi wa kuchomelea hapatikani. Plau za kijiji kizima zimepangwa mlangoni pake, yako iko mwisho wa foleni, na jirani ameshaanza kupanda. Hapo ndipo wakulima wengi huapa kwamba mwakani watajifanyia wenyewe. Ni wazo zuri, ila wengi huanzia mkiani: wananunua mashine ya kuchomelea, kisha wanataka kuunda mashine ya kupukuchua mahindi. Mimi ningeanza na kile kinacholiwa na udongo kila msimu, yaani ncha ya zana ya kulimia. Kazi yake inahitaji jiko la mkaa, feni au mvukuto, nyundo, kipande kizito cha chuma cha kugongea, drili na sumaku ya spika mbovu.

Chukua mfano wa ripa ya maksai, zana ya kupasua udongo inayokokotwa na ng'ombe. Kwenye mashamba kama ya Karatu, ambako kulima kwa kina kilekile miaka nenda rudi kumeacha tabaka gumu chini, ripa hupasua mfereji mwembamba na kuacha udongo mwingine umetulia. Fremu yake hudumu miaka. Ncha ndiyo inayogombana na mawe.

Usiitengeneze kwa nondo. Nondo nyingi ni chuma laini kisichokomaa, yaani hakiwi kigumu, hata ukipashe moto na kukizamisha mara ngapi. Tafuta springi ya lori, yale mabamba yaliyopinda chini ya chasisi, kwa wauza vyuma chakavu. Ukiwa na shaka, gusisha kwenye grinda. Chuma laini hutoa cheche ndefu zilizonyooka, springi hutoa cheche zinazopasuka matawi kama fataki.

Springi ikiwa ngumu hivyo, biti ya drili itateleza tu. Ipashe kwenye mkaa hadi iwe nyekundu na sumaku isiishike tena, ongeza joto kidogo, kisha ifukie mzima mzima kwenye jivu kavu hadi asubuhi. Hapa haraka ndiyo inayoharibu, maana ukiitoa ikiwa bado moto upepo utaikomaza upya. Asubuhi utaikata kwa msumeno wa chuma, utatoboa matundu mawili ya bolti na kuichonga ncha bila kelele nyingi.

Sasa ikomaze. Pasha sentimita chache za mwisho tu, zile zitakazoingia ardhini, na uache upande wa matundu ubaki laini. Sumaku ikiacha kushika, zamisha kwenye mafuta, si maji, maji huipasua. Mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika yanafaa, na moshi wake si mkali kama wa oili chafu. Yaweke kwenye chombo cha chuma chenye mfuniko, nje ya nyumba, kwa sababu yanaweza kushika moto.

Ikitoka hapo ni ngumu lakini inavunjika kama chupa. Isugue kwa msasa ing'ae, halafu ipashe polepole kuanzia upande wa matundu huku ukiangalia rangi zikitembea kuelekea nchani: manjano ya majani makavu, kahawia, zambarau, buluu. Kwa shamba la mawe, zambarau inayogeukia buluu ikifika nchani, izamishe tena. Fanya hivi kivulini, maana juani rangi hazionekani.

Na kwa nini bolti? Ncha ya ripa yangu ya kwanza niliichomelea, nikajisifu kwa mshono mzuri. Ikang'oka mstari wa tatu. Mshono wenyewe ulikuwa mzima. Ufa ulipita kando yake. Springi ikichomelewa na kupoa haraka, pale pembeni hukomaa kupita kiasi na kukatika. Ncha ya bolti, hata ikivunjika, unaibadilisha palepale shambani kwa spana moja, ilimradi umebeba ya akiba.

Kuchomelea utakuhitaji baadaye, kwenye fremu. Kajifunze kozi fupi ya VETA, vyuo vya ufundi stadi, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, au CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo pale Arusha, wanaweza kukuonyesha zana zilizokwisha kujaribiwa ili usibuni upya kilichopo. Miwani ya jua, ambayo mafundi wetu wengi wanaiamini, haitoshi kukinga macho na mwanga wa kuchomelea: usiku utahisi mchanga machoni. Bomba la maji lenye zinki likichomelewa hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kutetemeka, ukadhani ni malaria. Pipa lililowahi kuwa na petroli liache kabisa, hata kama linaonekana tupu. Mvuke wake hulipuka.

Ncha mpya ijaribu kwenye robo ekari kabla ya msimu, kisha ifungue uitazame. Ikiwa imepinda, uliilainisha mno au haikukomaa. Ikiwa imemeguka, rangi hukuiacha itembee vya kutosha. Vyovyote vile, irudishe jikoni uanze tena na sumaku.