Imeili ikigoma: kutuma hati nzito kwa simu

Kazi yangu ni kutayarisha hati za magari yanayoshuka bandari ya Kilindini, na saa nyingi za kazi hiyo huishia kwenye simu za wateja. Juzi mzee mmoja wa Kibokoni alinipigia: "Mwanangu, nishakutumia tangu asubuhi, mbona wanyamaza?" Nikamwomba anionyeshe simu. Barua ilikuwa papo hapo kwenye kikasha cha kutoka, imekwama, na bando limekwisha. Alikuwa ameambatisha picha kumi na moja za karatasi sita.

Basi hivi ndivyo nilivyomwelekeza.

1. Jua uzito kwanza

Fungua faili, tazama maelezo yake, jumlisha. Gmail hukubali viambatisho vya MB 25, na hiyo ni kwa barua nzima, si kwa kila faili. Lakini hata ikikubali kwako, mpokeaji naye ana mlango wake. Barua pepe ilibuniwa kubeba maandishi, kwa hivyo kiambatisho hugeuzwa kuwa herufi kabla ya kusafiri: kila baiti 3 huwa herufi 4. Faili ya MB 8 hubisha hodi ikiwa inakaribia MB 11. Ofisi iliyoweka kikomo cha MB 10 itairudisha, nawe utaapa kuwa faili yako ni ndogo. Ni ndogo kweli, ila kabla ya kufungashwa.

2. Karatasi haipigwi picha, inaskaniwa

Hapa ndipo tatizo kubwa lilipo. Picha moja ya kamera ya simu huweza kufika MB 3 hadi 5, kwa sababu imebeba kila rangi ya kitambaa cha meza na kidole gumba chako pia. Mtu wa forodha hana haja na kitambaa.

Kwenye Android, fungua Google Drive, hifadhi ya mtandaoni ya Google, na utafute kitufe cha kuskani, chenye alama ya kamera. Kwenye iPhone, programu ya Notes inafanya kazi hiyo hiyo. Weka karatasi penye mwanga, acha simu ikate kingo yenyewe, kisha ongeza ukurasa wa pili, wa tatu, mpaka mwisho, zote ndani ya PDF moja. Panga kama msomaji anavyozitaka: BL (hati ya shehena ya meli), invoisi, halafu cheti kutoka Japani. Rangi nyeusi na nyeupe hupunguza uzito sana, lakini ukurasa wenye muhuri uache na rangi yake. Wapo wanaotaka kuuona wino.

Ipe faili jina la namba ya chesi (chassis) ya gari. Nina "Scan 1" thelathini kwenye simu yangu na sijui ya nani ni ipi.

Usihangaike kuzibana PDF na picha kwa zip. Zimeshabanwa tangu zinatengenezwa. Utapunguza kiasi kidogo tu.

3. Picha nyingi na video: tuma kiungo

Video ya gari lililokwaruzwa haitoshei kwenye barua hata ufanyeje. Ipandishe Drive, kisha tuma kiungo. Ukizidisha MB 25, Gmail yenyewe itakupeleka huko.

Sasa ruhusa, maana hapa wengi huanguka. Faili ikipandishwa huwa imefungwa, na mpokeaji akibonyeza kiungo anaambiwa aombe idhini. Wewe umelala, yeye anangoja, na gari linaendelea kulipiwa kukaa bandarini. Kwa picha za gari, chagua mtu yeyote mwenye kiungo aweze kutazama. Kisha kijaribu kiungo mwenyewe kwenye hali fiche (incognito) ya kivinjari. Kikifunguka hapo bila kuombwa nywila, kitafunguka na kwake.

Nakala ya pasipoti au cheti cha PIN ya KRA (namba ya mlipakodi wa Kenya) usiiachie hivyo. Andika anwani ya imeili ya mpokeaji peke yake, na gari likishatoka umwondolee ruhusa.

4. Ikikwama

Usibonyeze tuma mara tano. Kila jaribio linaweza kula bando upya, na mimi nishamaliza la wiki nzima nikiwa juu ya feri ya Likoni. Futa barua iliyokwama, subiri wifi, tuma mara moja.

Ikiwa mtandao ni mzuri na bado hakuna kinachotoka wala kuingia, angalia nafasi. Akaunti ya bure ya Google ina GB 15, na barua, Drive na Photos zote zinagawana hizo hizo. Kwenye kisanduku cha kutafuta cha Gmail andika larger:10M, na barua nzito zote zitajitokeza. Hifadhi unazozihitaji mahali pengine, futa zilizobaki, halafu ingia kwenye tupio ulimwage, kwa sababu kilichomo humo bado kinahesabiwa.